Goti la Mbwa na Karatasi ya Kiingereza

Naanza kwa kusema wazi, ili anayetaka kukasirika akasirike mapema. Kama una mbwa mkubwa kaumia goti, na hela ya upasuaji unayo, lakini huna dakika kumi za kukaa chini na mlinzi wako umweleze kitakachofuata, basi hela hiyo kaezekee banda la kuku. Utapata faida zaidi.

Nasema hivi nikiwa nimetoka kwenye wiki 12 za kumuuguza mbwa wa mjomba wangu kule Mbezi. Nikisema "kumuuguza" najipendelea kidogo. Mimi nilikuwa nakwenda jioni nikitoka kazini, na mwisho wa juma nalala huko huko. Aliyemuuguza hasa ni mzee mlinzi wa getini, na ni kwa ajili yake naandika haya.

Mbwa mwenyewe anaitwa Bosi. Chotara wa Boerboel, kilo 46, kichwa kama mtungi. Siku moja alimrukia paka ukutani, akatua vibaya, akalia mara moja tu. Kuanzia hapo mguu wa nyuma wa kulia akawa anaugusisha chini kwa ncha za vidole, kama mtu anayepima maji ya moto. Daktari akamlaza ubavu, akashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mkono mwingine, akasukuma taratibu, mfupa ukateleza mbele. Jibu likawa limepatikana: kano la mbele ndani ya goti limekatika.

Kila aliyesikia habari hiyo alimlaumu paka. Lakini paka hana kesi. Mchezaji mpira anaweza kukatika kano kwa tukio moja, akageuka vibaya na kwisha. Kwa mbwa mara nyingi kano linakuwa limelika pole pole kwa miezi, hasa kwa mbwa wakubwa na wanene, na ile ruka inamalizia tu kazi iliyokwishaanza. Tena sehemu ya juu ya muundi wa mbwa imeinama kwa nyuma kama kibaraza kilichojengwa vibaya. Kila anapokanyaga, mfupa wa paja unataka kuteleza kufuata ule mteremko, na kinachouzuia ni kano hilo tu. Likikatika, kila hatua ni mtikisiko, na gegedu zilizo katikati zinasagwa.

Upasuaji upo wa namna kadhaa. Mmarekani mmoja wa Oregon, Barclay Slocum, mwaka 1993 alichapisha njia yake ya kukata sehemu ya juu ya muundi kwa mviringo, kuizungusha mpaka mteremko upungue, kisha kuifunga kwa bamba la chuma na skrubu. Kuna njia ya zamani zaidi ya kupitisha uzi mnene wa nailoni nje ya kiungo ili ushike mifupa isiteleze. Uzi huo ni ndugu wa mshipi wa kuvulia samaki, na madaktari wengi duniani wametumia mshipi wenyewe. Bosi alifanyiwa hii ya uzi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo. Uzi ule hauponyi kitu. Unashikilia tu. Baada ya miezi unaweza kulegea au hata kukatika, na wala si balaa, kwa sababu kufikia wakati huo mwili wa mbwa unatakiwa uwe umeshajenga ukuta wake wa nyama ngumu, kama kovu, kuzunguka goti. Ukuta huo ndio tiba. Na ukuta huo haujengwi kwa daktari. Unajengwa nyumbani, wiki nane mpaka 12, huku mbwa akizuiwa kukimbia, kuruka, kuteleza na kupanda ngazi. Hata ile njia ya bamba la chuma ni hivyo hivyo: mfupa unataka kama wiki nane kuunga, na mbwa akifunguliwa kabla, skrubu zinang'oka.

Daktari anafanya kazi kwa saa mbili. Aliye nyumbani anafanya kwa wiki 12. Aliyelipwa ni nani, na aliyepewa maelezo ni nani?

Atakayeniambia natia chumvi kuhusu kazi ya nyumbani, nimpe mifano miwili. Mwaka 1984 daktari wa California, Philip Vasseur, alichapisha habari za mbwa 85 waliokatika kano hilo na hawakupasuliwa. Wadogo, chini ya kilo 15, karibu asilimia 86 walipata nafuu. Wakubwa walikuwa asilimia 19 tu. Kwa hiyo mbwa mkubwa hamtakiwi kumwacha tu "atajipona". Halafu mwaka 2013 watafiti wa Minnesota wakachukua mbwa 40 wakubwa na wanene, wote wakapunguzwa uzito na kufanyishwa mazoezi maalumu, nusu wakapasuliwa na nusu hawakupasuliwa. Baada ya mwaka, waliopasuliwa walifanikiwa robo tatu. Wasiopasuliwa, kwa mazoezi na kupungua uzito tu, karibu theluthi mbili. Upasuaji ulishinda, sikatai. Lakini tazameni jinsi mikono ya nyumbani ilivyosogea karibu na kisu.

Haya, turudi Mbezi.

Siku ya kumchukua Bosi, kliniki (sitaitaja, na nina hakika haiko peke yake) ilimpa mjomba karatasi mbili zilizopigwa chapa vizuri, Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Mjomba akazipokea akiwa ndani ya gari, akaziweka juu ya dashibodi, akawasha gari. Alipofika nyumbani alimkabidhi mzee mnyororo na bahasha ya vidonge, akasema, "Mzee, huyu asikimbie. Vidonge ni kimoja asubuhi." Kesho yake akaenda Dodoma kikazi. Karatasi zilikwenda naye Dodoma.

Siku ya nne Bosi alitapika. Siku ya tano akatoa kinyesi cheusi kama lami. Mzee aliona, kwa sababu ndiye anayesafisha. Akamwambia dada wa kazi, dada akasema tumsubiri baba arudi. Namba ya daktari ilikuwa kwenye simu ya mjomba. Kwenye simu ya mzee hakukuwa na namba wala vocha. Mimi nilifika jioni ile kwa bahati tu, nikapiga simu, daktari akauliza swali moja: "Anapewa dawa kabla au baada ya kula?"

Kabla. Mzee huamka alfajiri kwa ajili ya swala, anamaliza, anampa mbwa kidonge. Chakula cha Bosi kinapikwa saa tatu. Kwenye karatasi ilikuwa imeandikwa kwa herufi nzito kwamba dawa ile itolewe pamoja na chakula, na kwamba kutapika au kinyesi cheusi ni dalili ya tumbo kuvuja damu, dawa isimamishwe na daktari aitwe mara moja. Maelezo hayo yote yalikuwepo, sahihi kabisa, yakiota jua juu ya dashibodi Dodoma!

Dawa ikasimamishwa, akapewa ya kulinda tumbo, akapona. Lakini mjomba alipopigiwa simu, neno lake la kwanza mnalijua? "Muulize mzee kamlisha nini mbwa wangu."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira ambayo mpaka leo haijashuka vizuri. Madaktari wetu wa mifugo wanasoma kwa Kiingereza, pale SUA Morogoro, sawa. Lakini hawafanyi kazi kwenye nchi inayozungumza Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge letu lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Jaji sasa anaweza kuandika hukumu kwa Kiswahili, lakini goti la mbwa bado ni la Kiingereza? Kuna ugumu gani kuandika "Mpe kidonge akiwa ameshakula"? Ni maneno manne, hayahitaji kamusi wala Baraza la Kiswahili.

Na hata ukimpata daktari anayeandika Kiswahili, bado anampa anayelipa, na anayelipa hamgusi mbwa. Waulizeni wenye nyumba wa Mbezi, Mikocheni, Tegeta mara ya mwisho walimshika mbwa wao lini. Mbwa kwao ni sehemu ya geti, kama kufuli lenye meno. Ndiyo maana kufuli likiharibika wanalipeleka kwa fundi na kulisubiri lirudi likiwa zima.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyejisumbua kuliuliza. Mzee ni Mwislamu, mtu wa Pwani, wa madhehebu ya Shafii kama walivyo wengi huku kwetu. Kwake mate ya mbwa ni najisi, na kujitoharisha ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa kulinda hana tatizo naye, amekaa na mbwa miaka mingi: anamwekea chakula, anamfungua usiku, anamfunga asubuhi, kila mmoja na upande wake. Sasa ghafla anatakiwa ambebe, amshike tumbo, amfute kidonda, mara nne au tano kwa siku, na swala ni tano. Nilipomuuliza unafanyaje, mzee, akaniambia, "Nabadilisha nguo, mwanangu. Lakini sabuni na maji ya dumu nanunua mimi." Mjomba wangu ni mtu mwema, ana watoto wa ndugu anaowasomesha. Lakini hakuwahi kuwaza hilo hata mara moja. Tulimnunulia glavu za mpira, ovaroli mbili na dumu lake la maji. Jumla haikufika hata bei ya ile kola ya plastiki anayovishwa mbwa shingoni asilambe nyuzi.

Basi zile karatasi zikapigwa picha, zikatumwa kutoka Dodoma, nikakaa na mzee kwenye kibanda chake tukaziandika upya kwa Kiswahili. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Ilituchukua Jumamosi nzima, maana mzee hakubali neno lisilofanya kazi. Nikisoma "atembezwe kidogo", anauliza, "Kidogo ni kidogo kipi?" Karatasi inasema dakika tano. Mzee hana saa. Tukatembea tukapima: kutoka getini mpaka kwenye mwembe na kurudi, mara mbili, kwa mwendo wa maiti. "Mwendo wa maiti" ni maneno yake, na ni bora kuliko ya daktari, kwa sababu siri yote imo humo. Mbwa akienda haraka anaruka kwa miguu mitatu na mbovu anauning'iniza. Ukimlazimisha kwenda taratibu sana, analazimika kuukanyagia. Kasi ndogo ndiyo mazoezi yenyewe.

Nitawapa machache tuliyojifunza, maana najua wapo wanaosoma hapa wakiwa na mgonjwa nyumbani.

Siku tatu za kwanza ni barafu, dakika 10 mpaka 15, mara tatu kwa siku, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa isigusane na ngozi. Umeme ulikatika siku ya pili, tukanunua barafu za ukwaju za shilingi mia kwa mama wa jirani, zile za kwenye mifuko midogo. Zinakaa vizuri sana kwenye goti, kuliko hata mabonge ya friji. (Bosi alikula moja na mfuko wake. Haukumdhuru, ila muwe macho.)

Kumsimamisha mbwa wa kilo 46 mwenye miguu mitatu kunahitaji kanga kuukuu. Ikunjwe mara mbili, ipite chini ya tumbo karibu na mapaja, ushike ncha mbili kwa juu umsaidie kubeba nyuma. Kwa mbwa dume isiende mbele mno, itaziba anapokojolea na utafua kanga kila siku. Hili halikuwa kwenye karatasi, ni la mzee.

Sakafu! Jamani, hizi nyumba zetu za marumaru zinazong'aa kama kioo ni adui wa goti kuliko mwizi. Mteremko mmoja wa mguu unaweza kuharibu kazi ya wiki. Mikeka nayo inateleza. Tuliomba kwa fundi magari mazulia ya zamani ya mpira, yale ya kwenye gari, tukayapanga kutoka banda mpaka nje. Ilikuwa masika, udongo wote utelezi, kwa hiyo hata njia ya kwenda kujisaidia tuliimwagia mchanga.

Banda lake lilikuwa na ngazi mbili, likafungwa. Tukamzungushia eneo dogo kwenye baraza la nyuma, la kutosha kusimama, kugeuka na kulala, basi. Alilia siku mbili. Siku ya tatu mzee akahamishia kiti na redio yake hapo. Mbwa yule amesikiliza mechi za Simba na Yanga kuliko mwanachama mwenye kadi.

Chakula kilipunguzwa. Hili lilileta ugomvi na dada wa kazi, ambaye kwake mgonjwa hapunguziwi ugali, anaongezewa. Lakini mbwa asiyekimbia akila kama anayekimbia ananenepa, na kila kilo inakanyagia lile goti. Mwaka 2002 zilichapishwa habari za mbwa 48 aina ya Labrador waliofuatiliwa maisha yao yote: nusu walilishwa robo pungufu ya wenzao, na hao wakaishi karibu miaka miwili zaidi. Ukipapasa mbavu za mbwa wako kwa vidole bila kukandamiza, uzikute. Usipozikuta, mnene huyo, hata kama mtaani wanamsifu. Bosi alishuka mpaka kilo 41.

Na dawa za watu, tafadhali. Jirani mmoja, mtu msomi kabisa, alimletea mzee diklofenaki "apunguze maumivu, mimi mgongo wangu unapona nayo". Mbwa si mtu mdogo mwenye manyoya. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kumtoboa tumbo na kumuua figo. Na sindano za steroidi wanazochoma vijana wa maduka ya dawa za mifugo, zikikutana na dawa ya maumivu aliyopewa na daktari, tumbo linaweza kutoboka. Mzee alizirudisha kwa adabu. Alizirudisha kwa sababu wakati huo karatasi ya Kiswahili ilikuwa imeshabandikwa ukutani kwa gundi ya uji wa ngano, na mstari wa nne ulisema: "Asipewe dawa ya mtu."

Wiki mbaya kuliko zote ni ya tano. Wiki ya kwanza mbwa anaumwa na kila mtu ana huruma. Wiki ya tano amefungua nyuzi zamani, nywele zimeota, anakanyaga mguu, anatikisa mkia, na kila anayepita anasema kapona. Hajapona. Maumivu ndiyo yaliyopona, goti ndani bado. Na ndiyo wiki ambayo wezi waliingia nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Mjomba akatoka nje usiku ule akasema mbwa afunguliwe. Tukabishana barazani, mimi na yeye, kwa adabu zote zinazotakiwa kati ya mjomba na mpwa, lakini tulibishana. Hoja yake ilikuwa na uzito: amelipa bili inayozidi mishahara minne ya mzee, ana watoto ndani ya nyumba, sasa mbwa wa kulinda asiyelinda ni wa nini? Nikamwambia mjomba, ukimfungua leo umezitupa hizo hela zote, na bado mwezi ujao utakuwa na mbwa kilema asiyeweza kumkimbiza mwizi wala kuku. Akasema, "Wewe umekuwa daktari lini?" Mzee alikuwa amesimama pembeni muda wote. Akasema, "Bosi mkubwa, usiku mimi sikulala tangu nianze kazi hapa. Mbwa alikuwa anabweka, aliyekuwa anaamka ni mimi. Niongezee mwenzangu wa usiku kwa wiki saba, mbwa apumzike."

Mlinzi wa muda akaajiriwa. Sitaki kujifanya ilikuwa rahisi, mjomba alinuna siku tatu. Lakini kama huwezi gharama ya kulinda nyumba wakati mbwa amelala, hiyo ni sehemu ya bei ya upasuaji, na daktari alipaswa kuitaja siku ile ile anataja bei ya uzi.

Najua mtakaloniambia. Watu wanakosa dawa Muhimbili, wewe unatuletea goti la mbwa. Nimelisikia ofisini, nimelisikia kwenye daladala. Nakubali kwamba shilingi ni shilingi. Lakini mtu anayesema hivyo nyumbani ana televisheni ya inchi 65, na sijawahi kusikia akiambiwa aiuze ampelekee mgonjwa. Mbwa huyu tumemfunga sisi, tumemnenepesha sisi kwa makombo ya pilau, tumemjengea marumaru sisi. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Hatukuitunga kwa ajili ya ng'ombe wa minadani peke yao. Na ukitazama vizuri, habari yenyewe haikuwa ya mbwa dhidi ya watu. Mtu alikuwepo pale pale, ameshika mnyororo, na hakuna aliyemwona. Fedha zilipita juu ya kichwa chake kwenda kwenye goti, halafu goti likaachwa mikononi mwake bure.

Kwa hiyo madaktari: msimkabidhi mbwa kwa mwenye ufunguo wa gari. Ulizeni nani atakaa naye, na huyo aje kliniki. Muonesheni kwa mikono jinsi ya kukunja na kukunjua goti, muonesheni kanga, muandikieni Kiswahili, na mpeni namba yenu ya simu. Wenye mbwa: kumuuguza mbwa wiki 12 siyo "kazi ya getini". Ni kazi ya ziada, ina malipo yake. Mjomba alianza kumlipa mzee posho ya Bosi wiki ya sita, baada ya mimi kuiandika kwenye karatasi na kuiweka juu ya dashibodi.

Wiki ya 12 daktari alimlaza Bosi ubavu tena, akasukuma muundi. Haukuteleza. Goti limevimba kidogo upande wa ndani, gumu kama jiwe, ndio ule ukuta. Bado hatakiwi kukimbia ovyo kwa mwezi mwingine. Na goti la kushoto tunalitazama, maana tafiti nyingi zinaonesha mbwa waliokatika upande mmoja, theluthi moja mpaka zaidi ya nusu, hukatika na wa pili.

Wiki iliyopita rafiki yake mjomba wa Tegeta alikuja na habari kwamba mbwa wake naye kaanza kuchechemea, na daktari amesema ni kano. Akaomba kuona ile karatasi. Mjomba akampeleka kibandani. Mzee akaamkiwa, akaitikia, akamkaribisha kwenye kiti cha redio. Mgeni akauliza upasuaji unachukua muda gani. Mzee akamuuliza yeye kwanza: nyumbani kwako atakaa naye nani, na mmeshapatana shilingi ngapi?